Simu ya Mezani Iliyosikika Ruiru

Presha ya macho ilipomzidi, mama yangu aliendelea kupika ugali wake mwenyewe, kupalilia sukuma wiki kwa kupapasa, na kuimba sauti ya pili kanisani akiwa ameshikilia kiti cha mbele yake. Alichoacha ni kupiga simu.

Simu yake ya mkononi ilikuwa kioo kitupu, laini kama sahani, na vidole vyake havikupata mahali pa kushika. Akigusa hapa, zinafunguka picha za harusi ya mtu. Akigusa pale, simu inampigia fundi wa mabomba aliyetutengenezea tangi zamani. Siku moja ilimpigia fundi huyo katikati ya maombi, na fundi, kwa heshima, akasubiri mpaka mama akasema amina ndipo akauliza kama tangi linavuja tena. Baada ya hapo mama aliitia simu kwenye droo ya vijiko na hakuitafuta tena.

Ikawa dada anayemsaidia kazi za nyumbani ndiye anayempigia watu simu kwa niaba yake. Alikuwa mwanamke mchangamfu, mwenye watoto wake wakubwa, na hakuwa na shida yoyote na mama. Lakini mama akiiweka simu sikioni, shavu lake liligusa kioo na kuikata, kwa hiyo ilibidi iwekwe kwa spika, katikati ya meza. Basi mama akawa anaongea kama mtu anayesoma matangazo ya kanisa. Hatujambo. Mvua imenyesha. Kuku wanataga. Mungu awabariki. Halafu anasukuma simu kando.

Mimi ni binti yake wa pili, na kwa desturi yetu nilipewa jina la mama yake mzazi. Kwa hiyo yeye huniita maitu, yaani mama yangu, na hata akinigombeza hunigombeza kwa heshima hiyo. Yeye anaishi Ngoingwa, kwenye nyumba waliyojenga na baba wakati kule kulikuwa mashamba matupu. Mimi ninaishi Ruiru, na kazi yangu ni kufunga simu za maofisini, zile ambazo sauti hupita kwenye intaneti badala ya waya za zamani. Nimezifunga kwenye magodauni, kwenye shule, hata kwenye zahanati moja ambako daktari alitaka simu yake iite kwa mlio wa jogoo.

Ruiru pia ndiko anakoishi tata, ndivyo tunavyomwita mama mdogo, anayemfuata mama kwa kuzaliwa. Walikua wakilala kitanda kimoja. Nikiwa mdogo nilidhani dada wote duniani huongea kila siku, maana hawa wawili hawakuwahi kupitisha siku bila kupigiana. Sasa tata akawa ananisimamisha nikipita kwake kutoka kazini.

"Maitu, hebu niambie," alisema jioni moja, akinimiminia chai. Yeye pia huniita hivyo, kwa kuwa mama yao ni mmoja. "Mama yako ana nini na mimi?"

"Hana kitu, tata. Ni macho tu."

"Macho yanaongea kwa simu? Nikimpigia ananiambia mambo ya mvua. Mimi ninajua mvua imenyesha. Ruiru pia imenyesha!"

Alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Akaniambia kwamba tangu ruracio ya binamu yangu kule Kiganjo, siku familia ya bwana harusi ilipokuja kuleta mahari, mama hajamwambia neno la maana. Alikuwa amepitia siku ile yote kichwani, kuanzia salamu hadi kuagana, na hakuona mahali alipomkosea.

Nilimaliza chai yangu, nikaaga. Jumapili iliyofuata nilikuwa Ngoingwa, na nikamkuta mama amekaa kando ya kabati la sebuleni, akipangusa simu ya mezani. Ilikuwa ya rangi ya maziwa, yenye mkono mzito na waya wa kujikunja, na ilikuwa imekaa pale chini ya kitambaa cha kufuma tangu laini za zamani zilipokufa mtaani kwetu. Kila mara tulipotaka kuitupa alikataa. Sasa alikuwa ameweka vidole juu ya vitufe na alikuwa akivibonyeza kimoja baada ya kingine, bila kuinamisha kichwa.

"Hii ndiyo simu," akasema. "Nambari tano ina kitone. Ukipata tano umepata zote."

Nilisimama mlangoni na mkoba wangu begani, nikaona aibu kidogo kwamba mimi mwenye kazi ya simu sikuwa nimefikiria jambo hilo.

Kuna kifaa kinaitwa adapta, kisanduku kidogo kama pakiti ya majani chai. Upande mmoja unakiunganisha na intaneti ya nyumba, upande mwingine unachomeka simu ya kawaida ya mezani. Simu haijui kwamba dunia imebadilika. Inapewa mlio wake, inapewa nguvu ya kuita, na adapta ndiyo inayohangaika kugeuza sauti iende kwa mtandao. Ofisini kwetu kulikuwa na moja iliyobaki kutoka kazi fulani, na mkubwa wangu aliposikia ni ya mama asiyeona vizuri aliniambia niichukue. Intaneti ilikuwepo tayari kwa mama, kwa ajili ya mahubiri. Nikamfungulia akaunti kwa kampuni moja ya laini, na Jumamosi asubuhi nikawa Ngoingwa, nimekaa sakafuni na kompyuta magotini.

Nilipochomeka waya wa mwisho nikampa mama mkono wa simu. Akauweka sikioni, na uso wake ukafunguka.

"Haiya! Inalia! Maitu, inalia ule mlio wake!"

Alimwita dada wa kazi kutoka jikoni aje asikie. Dada akasikiliza, akasema kweli inalia, ingawa nadhani hakuwahi kusikia mlio huo maishani mwake na hakujua unashangiliwa kwa nini.

"Sasa piga," nikamwambia mama.

Hakuniuliza ampigie nani, na nambari hakuhitaji kukumbushwa. Alitafuta kitone cha tano, akapanda, akashuka, akibonyeza polepole na kwa uhakika, kama mtu anayehesabu mayai. Alikuwa hajamaliza nikasikia sauti ya mashine ikimwambia kwamba nambari aliyopiga haipo.

"Haipo?" Mama alikunja uso. "Haipo vipi na nimezaliwa naye?"

Akajaribu tena, haraka kidogo, na mashine ikamwambia vilevile. Hilo nililielewa mara moja. Adapta ilikuwa imepangwa kwa watu wa maofisini, wenye vidole vya haraka. Ukisita kidogo inadhani umemaliza, inatuma nambari nusu. Nilifungua ukurasa wake kwenye kompyuta nikaiambia isitume kitu mpaka nambari itimie yote, hata kama mtu atapumzika katikati akanywe maji.

Mama akapiga mara ya tatu. Safari hii simu iliita. Niliisikia ikiita ng'ambo, kisha ikanyamaza kama vile imepokelewa.

"Hello?" mama akasema. "Hello? Ni mimi. Hello!"

Akasubiri. Akaugonga mkono wa simu kwa kiganja, akauweka tena sikioni.

"Hakuna kitu. Kimya kama kaburi."

"Subiri, mama, niangalie waya."

Nikajiingiza nyuma ya kabati, kati ya ukuta na buibui, nikaanza kufuata waya mmoja mmoja. Mama alibaki ameshikilia simu. Nadhani kuushika tu ule mkono mzito kulimfanya atake kuongea. Na kwa kuwa hakuna aliyekuwa akimsikia isipokuwa mimi niliye nyuma ya kabati, na dada alikuwa amerudi jikoni, akaongea.

"Hata ingeshika sijui ningemwambia nini," alisema. "Wewe unajua ni kwa nini simpigii? Sitaki maneno yangu yaanikwe mezani kama mahindi. Huyo ni dada yangu. Yeye sitamwambia mambo ya kuku."

"Ungemwambia nini?" nikauliza kutoka nyuma.

Nilipochungulia, alikuwa amegeuzia uso dirishani.

"Ningemwambia kwamba siku ile ya ruracio alinikatia nyama. Alivuta sahani yangu, mbele ya wageni, akanikatia vipande vidogo vidogo kama mtoto anayeota meno. Na najua ni upendo, maitu. Hana ubaya, huyo. Lakini nilisikia wale mama wageni wamenyamaza, nikajua wananitazama. Chakula hakikushuka. Nikafika nyumbani nikasema, sasa mimi nimekuwa mtu wa kukatiwa." Akavuta pumzi. "Halafu nikamkasirikia, halafu nikajikasirikia kwa kumkasirikia. Na sasa miezi imepita na nimemkosa sana. Hata zile chapati zake nimezikosa, na siku hizi ni ngumu kama soli."

Nilitoka nyuma ya kabati nikiwa na utando wa buibui kichwani. Kabla sijafungua mdomo, mkono wa simu ulianza kutoa tuu, tuu, tuu, na mara hiyo hiyo simu yangu ya mkononi ikaita mfukoni. Alikuwa tata.

"Mwambie mama yako," tata alisema, na sauti yake ilikuwa imejaa machozi, "mwambie nimesikia."

"Umesikia nini, tata?"

"Yote! Nilipokea simu ya nambari nisiyoijua, nikasikia dada yangu akisema hello, hello. Nikamjibu. Nilipiga kelele mpaka jirani akatoka nje. Hanisikii! Kisha akaanza kuongea mambo ya nyama." Hapo akashindwa, nikasikia anapenga kamasi. Halafu akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Chapati zangu ni ngumu kama nini?"

Mama alikuwa amesimama. Masikio yake hayakuwa na ugonjwa wowote, na tata hajawahi kuongea kwa sauti ya chini kwenye simu.

"Ngai!" akasema, akijishika shavu. "Alikuwa kwa laini?"

"Alikuwa kwa laini, mama. Yeye alikuwa anakusikia. Wewe ndiye ulikuwa humsikii."

Aliketi tena taratibu. Niliogopa kwamba atalia, au atanikasirikia mimi na kisanduku changu. Badala yake mabega yake yakaanza kutikisika, na nikaona anacheka, kicheko cha kimya kilichomtoa machozi, huku akipapasa kutafuta leso.

"Tata anataka kukujibu," nikamwambia. "Niweke kwa spika?"

"Wapi! Spika sitaki." Aliunyoosha mkono mzito wa simu kuelekea kwangu. "Nitamsikia kwa hii yangu. Wewe si ni fundi? Tengeneza."

Tata, aliyekuwa bado sikioni mwangu, alisikia naye. "Mwambie ninangoja," akasema. "Sipiki, sitoki. Nimekaa na simu mkononi."

Sijawahi kufanya kazi nikingojewa namna ile. Sauti ya kwenda upande mmoja ni ugonjwa tunaoujua sisi wa simu za intaneti, lakini una sababu nyingi. Nilimpigia kwanza mtu wa kampuni ya laini, akaniambia kwa upole kwamba kwao kila kitu kiko sawa, kasoro lazima iwe ya kifaa. Nilijua nikimtafuta mtengenezaji wa kifaa ataniambia kasoro ni ya laini. Ndivyo ilivyo vitu vya watu wawili vikikutana. Kila kimoja kizima, ila havielewani.

Kwenye adapta kuna ukurasa maalumu wa jambo hilo hilo, uliopewa neno refu la Kiingereza ambalo maana yake ni vifaa vya watengenezaji mbalimbali kuweza kufanya kazi pamoja. Ni ukurasa wa ndio na hapana, ndio na hapana, mpaka chini kabisa, na ukigusa usilolijua unaweza kuua kilichokuwa kizima. Nilianza na nilichokidhania, namna ya kubana sauti ili isafiri. Nikaibadilisha, nikawasha upya. Mama akampigia tata, tata akapokea, na bado mama hakusikia kitu. Nikabadilisha kingine, na sasa simu haikutoa hata mlio.

"Umeiua," mama akasema.

"Sijaiua. Imezimia."

Nikarudisha nilichoondoa. Dada wa kazi akaniletea chai na nduma, yaani magimbi, zilizochemshwa, akakaa kitini kutazama kama watu wanaotazama mpira. Nilikunywa chai, nikajilazimisha kwenda polepole. Nikafungua mahali ambapo adapta huandika inachosema na kampuni ya laini, nikaanza kusoma mazungumzo yao tangu mwanzo.

Hapo nikaiona. Kila simu ikianza, adapta huwaambia wa ng'ambo sauti iletwe wapi. Na yetu ilikuwa ikitoa anwani ya ndani ya nyumba, ile ambayo intaneti ya mama huipa kila kifaa kilichomo sebuleni. Ni kama kuagiza mtungi wa gesi na kumwambia wa boda boda alete chumba cha pili mkono wa kushoto, bila kumwambia ni Ngoingwa, wala geti la rangi gani. Sauti ya mama ilikuwa ikitoka na kufika Ruiru salama. Sauti ya tata ilikuwa ikitafuta chumba cha pili mkono wa kushoto katika dunia nzima.

Kampuni zingine zina mitambo inayogundua kosa hilo na kulisahihisha yenyewe. Hii tuliyojiunga nayo iliamini ilichoambiwa. Kwenye ule ukurasa kulikuwa na mstari wa kuiambia adapta itaje anwani ya nje, ile inayoonekana barabarani, na mwingine wa kuifanya itume na kupokea sauti kwa mlango mmoja. Yote miwili ilikuwa imeandikwa hapana. Nikaiandika ndio, nikawasha upya, nikangoja zile taa ndogo zimalize kupepesa.

"Jaribu, mama."

Akabonyeza. Tano, juu, chini, pembeni. Simu haikuita hata mara mbili.

"Hello?" mama akasema.

Nilikuwa karibu kiasi cha kusikia sauti ndogo ya tata ikitoka kwenye ule mkono wa simu, ikiuliza ni chapati gani hizo ngumu. Mama alifumba macho. Akaubana mkono wa simu kwa bega, jinsi alivyokuwa akifanya nikiwa mtoto, akauzungusha waya wa kujikunja kwenye kidole.

"Ngoja," akamwambia tata. Kisha akatugeukia sisi wawili. "Nyinyi, tokeni nje kidogo. Nina mambo yangu."

Tulitoka. Tulikaa kwenye ngazi za jikoni, mimi na dada, tukamalizia nduma. Ng'ambo ya ua mafundi walikuwa wakimimina zege kwenye gorofa jipya na kelele ilikuwa nyingi, kwa hiyo hata tungetaka kusikiliza tusingesikia maneno. Tulichosikia ni vicheko, na mara moja kimya kirefu kilichonifanya nigeuke kutazama mlango, kisha vicheko tena. Jua lilihama kutoka kwenye ngazi hadi kwenye kamba ya nguo. Dada aliniuliza kama simu hiyo inaisha chaji. Nilimwambia haiishi, akatikisa kichwa akasema basi leo hatutaingia.

Mama alipotuita hatimaye, sikio lake lilikuwa jekundu. Hakuniambia walichozungumza na sikumuuliza. Aliniambia tu kwamba tata anakuja kesho baada ya ibada, na kwamba atakuja na unga wake mwenyewe, kwa sababu amesema atapikia hapa hapa mbele ya mashahidi.

Alikuja kweli. Nilikuwepo, na chapati zilikuwa laini, ingawa mama alikula ya nne ndipo akakubali.

Ukurasa ule wa ndio na hapana niliurudia mara moja tu baada ya hapo. Mama alinipigia kazini, jambo alilolifanya sasa kila alipotaka, akasema amegombana na mwanamke wa kliniki ya macho ya Thika.

"Ameniambia nikitaka Kiswahili nibonyeze mbili. Nimebonyeza. Ananiambia tena nibonyeze mbili. Nimemwambia, mama, nimebonyeza! Anarudia kama kasuku. Hana adabu."

"Mama, hiyo ni mashine."

"Hata kama ni mashine. Si isikie."

Hakuwa na makosa. Adapta ilikuwa ikituma milio ya vitufe ikiwa imechanganywa na sauti, na ikifika kule imeshaharibika, mashine haiitambui. Niliingia kwenye adapta nikiwa nimekaa dawati langu Ruiru, nikaiambia itume vitufe kando, kama ujumbe wake wenyewe. Nikampigia mama ajaribu tena, nikarudi kwenye kazi ya watu.

Saa ya chakula cha mchana simu yangu iliita.

"Nimebonyeza mbili, akakubali," mama akasema. "Halafu akaja mtu wa kweli, kijana mwenye sauti nzuri. Nimepewa Jumanne."

"Sawa, mama. Nitaomba ruhusa kazini nikupeleke."

"Wewe fanya kazi yako, maitu. Nimeshapigia tata yako. Tutaenda na yeye, na tukitoka tutapitia sokoni. Kuna vitambaa anataka nivishike nimwambie kama ni pamba."

Akaniaga na kukata simu kabla sijajibu, maana alikuwa na mtu mwingine wa kumpigia.